Trafiki, makaratasi na barabara za Dodoma: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafundisha udereva hapa Dodoma mjini. Mwanafunzi akishakaa nyuma ya usukani, kabla hata hajawasha gari, swali la kwanza huwa la trafiki: "Mwalimu, wakinisimamisha nifanyeje?" Maswali mengine hunikuta stendi, kwenye misiba, hata kanisani baada ya ibada. Nimeyaandika hapa kwa sababu watu wengi hufika ofisi ya trafiki kwa mara ya kwanza wakiwa na damu kwenye shati, au gari lao likiwa limeshikiliwa kituoni. Siku kama hiyo hakuna anayeweza kujifunza kitu. Soma leo ukiwa umetulia.

Ofisi ya trafiki inafanya nini zaidi ya kukamata watu?

Jina lake rasmi ni Kikosi cha Usalama Barabarani, na ni sehemu ya Jeshi la Polisi Tanzania. Kila mkoa una mkuu wake wa kikosi, ambaye wengi wanamfahamu kwa kifupi cha RTO, na kila wilaya ina wake, DTO. Ofisini kwao ndiko unakopimwa udereva kabla ya kupewa leseni. Mkaguzi wa magari hukagua gari kama ni zima, au baada ya ajali kuona kama lilikuwa zima. Hapo hufunguliwa jalada la ajali, huchorwa ramani ya tukio, na hutolewa taarifa ambazo kampuni ya bima haiwezi kukulipa bila kuziona. Askari wao huenda shuleni kufundisha watoto kuvuka, hukutana na bodaboda vijiweni, na kila mwaka huongoza Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kukamata ni sehemu tu ya kazi, ila ndiyo sehemu tunayoiona kwa sababu inafanyika njiani.

Kuna trafiki, TRA, LATRA, TANROADS na TARURA. Nitajuaje niende wapi?

Hapa watu hupoteza siku nzima wakizungushwa, kwa hiyo shika hivi. Kadi ya gari, kubadili umiliki na leseni yenyewe ya kushika mkononi ni TRA. Kupimwa kama unajua kuendesha ni trafiki. Kibali cha basi, daladala, teksi au bodaboda kubeba abiria kwa nauli, pamoja na malalamiko ya nauli, ni LATRA. Shimo, alama iliyoanguka au tuta kwenye barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Barabara za mitaani na vijijini ni TARURA. Mtu aliyegongwa, popote pale, ni polisi, na namba ya dharura ni 112, haina malipo. Moto au mtu aliyebanwa ndani ya gari ni Zimamoto na Uokoaji, 114.

Nataka leseni. Naanzia wapi?

Uwe na namba ya NIDA na TIN. Kisha unapata leseni ya kujifunzia. Hii ndiyo inayokuruhusu kushika usukani barabarani ukiwa na mwalimu, na gari likiwa na alama ya L mbele na nyuma. Ukimaliza mafunzo, chuo kinakupa cheti, unakwenda kupimwa na trafiki. Ukifaulu, unapewa hati ya umahiri, unaipeleka TRA, unalipia, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni hudumu miaka 5.

Angalia daraja. Daraja D ni la magari ya kawaida, A na ndugu zake A1 hadi A3 ni la pikipiki na bajaji, na kundi la C ni la kubeba abiria. Ukiwa na D halafu ukashika usukani wa kosta yenye abiria, mbele ya sheria huna leseni, na siku ya ajali bima nayo itakuangalia hivyo hivyo. Anayetaka kuendesha abiria lazima asomee hilo pekee, kwa mfano VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Kuna mtu ameniambia anaweza kunitafutia leseni bila kusoma. Ni kweli?

Usimpe hela yako. Nimewahi kuletewa kijana aliyekuwa na leseni halali mfukoni, daraja zote muhimu, na hakujua kurudisha gari nyuma. Baba yake alimleta kwa siri ili "akumbushwe kidogo". Nilipomwambia asimame kwenye mlima wa Makulu kisha aondoke, gari lilirudi nyuma mara tatu, na mara ya tatu nyuma yetu kulikuwa na mama mwenye ndoo ya maji kichwani. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Leseni ile ilikuwa na picha nzuri na muhuri sahihi. Kilichokosekana hakikuwa kwenye karatasi.

Trafiki amenipungia mkono nisimame. Nifanye nini?

Washa taa ya kushoto, punguza mwendo taratibu, toka kabisa kwenye lami. Usisimame ghafla mbele yake. Nyuma yako kunaweza kuwa na lori la tani 50. Zima injini, teremsha kioo, mikono iwe mahali panapoonekana. Si lazima ushuke mpaka uambiwe.

Mazungumzo ya kawaida huwa mafupi:

"Habari za safari, dereva?"

"Salama, afande. Shikamoo." (kama ni mkubwa kwako)

"Marahaba. Naomba leseni na bima."

Mpe ulichoombwa. Atazunguka gari aangalie tairi, taa, kioo cha mbele, mikanda, mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga. Una haki ya kuuliza kosa lako ni lipi na kuambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Una haki pia ya kusoma jina na namba ya askari kwenye sare yake. Uliza kwa heshima. Nimeona watu wawili wenye kosa lile lile, mmoja akaondoka ameonywa, mwingine akaondoka ameandikiwa makosa matatu, na tofauti yao ilikuwa salamu. Sisemi ndivyo inavyotakiwa kuwa, nasema nilichokiona.

Ukisimamishwa usiku mahali pa giza na huna hakika kama ni askari kweli, washa taa za dharura, nenda polepole hadi penye watu au kituo cha mafuta, piga 112 na ueleze ulipo.

Nimepigwa tochi. Faini ni kiasi gani, na kama sikubali?

Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa hadi 10,000 mwaka 2021. Hulipi fedha mkononi. Askari anaingiza kosa kwenye mashine, unapata kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Una siku 7. Ukipitisha, deni huongezeka.

Kama hukubali, omba uoneshwe mwendo uliosomwa na picha ya gari lako kwenye tochi. Bado hukubali? Kulipa faini ile ni kukiri kosa. Asiyekiri ana haki ya kupelekwa mahakamani akajitetee. Watu wengi hawalijui hili, na wanaolijua huliacha kwa sababu ya muda. Lakini ni haki yako, na kuitaja si ubishi.

Mwendo wenyewe: maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita 80 hata porini. Kibao cha 50 kinaanza kufanya kazi pale kilipo, si pale utakapoona nyumba. Ukitoka Morogoro utakikuta Kibaigwa, Mbande, Chalinze Nyama, Buigiri, Ihumwa. Madereva hulalamika kwamba trafiki "wanajificha" sehemu hizo. Wale watoto wanaouza karanga na mahindi ya kuchoma hawajajificha, wapo wazi kabisa, na ndio waliofanya kibao kiwekwe.

Nitajuaje kama gari ninalotaka kununua lina madeni ya trafiki?

Ingia tms.tpf.go.tz, andika namba ya gari, utaona. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi. Bima pia unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Stika iliyobandikwa kwenye kioo si ushahidi.

Askari ameniomba "ya maji".

Mwambie akuandikie kama una kosa. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Unaweza pia kwenda kwa mkuu wake, RTO au DTO, ukiwa na saa, mahali, na jina au namba ya askari. Bila hivyo vitatu malalamiko yako yatabaki hadithi. Na tuseme upande wa pili: mara nyingi ni dereva anayeanza, anakunja elfu tano ndani ya leseni kabla hajaulizwa chochote. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa moja.

Nimekuta ajali. Nianze na nini?

Swali hili ningependa kila mtu aliyeko Dodoma alijue jibu lake, hata asiye na baiskeli.

Kwanza jilinde. Paki mbali na tukio, nje ya lami, taa za dharura zikiwaka. Weka pembetatu nyuma, mbali ya kutosha ili lori lijalo liweze kusimama. Hatua mia moja si nyingi. Zima magari yaliyogongana kama unaweza kufikia ufunguo. Asiwepo mwenye sigara.

Piga 112. Sema mahali kwa alama zinazoonekana: "baada ya mizani ya Nala, upande wa Bahi, karibu na daraja dogo." Nguzo za kilomita zipo pembeni mwa barabara kuu, soma namba iliyoandikwa.

Anza na aliyenyamaza, si anayepiga kelele. Anayepiga kelele anapumua. Damu inayotoka kwa nguvu, kandamiza na kitambaa, khanga, chochote safi, na usiachie kila mara kuchungulia. Asiyeweza kusogeza miguu au anayelalamika shingo, usimburute, isipokuwa kuna moto. Usimpe maji ya kunywa, hata akiomba. Akihitaji upasuaji maji yale yatamletea taabu. Kama ni bodaboda, usimvue kofia kwa nguvu.

Na kama lililopinduka ni lori la mafuta, kimbia upande upepo unakotoka na uwafukuze watu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, barabara hii hii tunayoitumia, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Wengi walikuwa vijana wenye madumu mikononi. Nilipita pale wiki chache baadaye na nilishindwa kuzungumza na abiria wangu mpaka Dumila.

Usiguse mizigo ya majeruhi, ila chukua simu inayolia na upokee. Upande wa pili kuna mama yake.

Mimi ndiye niliyegonga. Nisimame au nikimbie? Watu wana hasira.

Sheria inakutaka usimame, usaidie, utoe taarifa. Kama umati unakuja na mawe, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe, na upige 112 ukiwa njiani. Kwenda kituoni kunakulinda. Kwenda nyumbani kulala kunakufanya mkimbizi, na jambo ambalo lingekuwa ajali linabadilika sura.

Dhamana polisi ni bure. Hakuna ada yake.

PF3 ni nini, na hospitali wanaweza kukataa kunitibu bila hiyo?

Ni fomu ya polisi namba 3, inayoonesha umeumia kwa tukio linalohusu polisi na ambayo daktari hujaza majeraha yako. Hutolewa bure. Aliye hatarini aokolewe kwanza, fomu ifuatiliwe na ndugu baadaye. Mpeleke majeruhi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa kwanza, kisha mtu mmoja arudi kituoni. Itunze hiyo karatasi. Toa kivuli chake mara mbili. Mjane mmoja hapa mtaani kwetu alizungushwa miezi mingi na kampuni ya bima kwa sababu PF3 ya marehemu ilitumika kufungia vidonge.

Bima watanilipa? Wanataka karatasi gani?

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ni lazima kwa kila chombo cha moto. Inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe. Ukitaka gari lako nalo litengenezwe, ukate bima kubwa.

Karatasi wanazotaka kwa kawaida ni taarifa ya ukaguzi wa gari, PF 93, taarifa ya mwisho ya polisi, PF 90, ramani ya tukio, na matokeo ya kesi au risiti ya faini. Zote zinatoka ofisi ya trafiki iliyoshughulikia ajali. Kwa hiyo ukiumia Manyoni, jalada liko Manyoni; usiende kulitafuta Dodoma. Andika namba ya jalada na jina la askari mpelelezi siku ile ile. Na msikubaliane "tumalizane hapa hapa" kabla trafiki hajapima, kwa sababu anayekubali leo akiwa na hofu hukana kesho akishashauriwa na shemeji zake.

Mtu wa kawaida aliyegongwa mara nyingi hajui kwamba ana haki ya kudai. Kama jirani yako amevunjwa mguu na lori, mwambie.

Barabara ya Bahi na Manyoni imenyooka, lami nzuri. Kwa nini watu wanakufa pale?

Kwa sababu imenyooka. Ukishatoka Nala, macho hayana cha kushika. Mibuyu miwili, mitatu, mashamba ya mpunga ya Bahi, kisha mbele weupe tu. Ndani ya dakika ishirini 80 inaonekana kama 50, mguu unalala kwenye mafuta wenyewe. Ukiwa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukiwa 110 ni mita 30. Taa za chini usiku humulika kama mita 50 hivi. Piga hesabu: ng'ombe anatokea kwenye mwanga, sekunde moja na nusu imepita kabla mguu haujagusa breki, na kama ulikuwa 110, mita 45 kati ya zile 50 zimekwisha. Breki hata haijaanza kazi.

Halafu kuna jua. Dodoma kwenda Singida ni kuelekea magharibi. Kuanzia saa 11 jioni jua linakaa kwenye kioo chako, na kioo kina vumbi. Jioni moja nilikuwa naelekea Manyoni, nimeshusha kile kikingio, nimekunja macho, na najiona naona vizuri. Niliwatambua ng'ombe kwa miguu yao, kwa sababu juu kulikuwa na mwanga mtupu na chini kulikuwa na vijiti vinavyotembea. Nilisimama, gari likapinda kidogo, ng'ombe wa mwisho akapita akigusa bampa kwa mkia. Mchungaji alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na fimbo ndefu kuliko yeye. Alinyanyua mkono akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa." Nikamjibu, nikapaki pembeni, nikakaa mpaka jua lilipozama. Tangu siku ile nafuta kioo kwa ndani na nje kabla ya saa 10, na safari ya magharibi naianza asubuhi. Anayekwenda Morogoro afanye kinyume chake: asubuhi jua liko usoni.

Kaskazini, barabara ya Kondoa na Babati ina hadithi nyingine. Zile kilomita 251 zilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na vijiji vilivyozoea vumbi na magari ya mwendo wa punda vilijikuta vina lami ya kimataifa mlangoni. Bibi aliyevuka pale miaka 60 bila kuangalia anahitaji dereva amwangalie yeye.

Lori limeharibika usiku, dereva ameweka matawi. Inatosha?

Haitoshi. Matawi ni ishara tunayoifahamu wote, na mchana inasaidia, lakini usiku jani halirudishi mwanga. Zinatakiwa pembetatu, mbele na nyuma, na tela liwe na viakisi safi. Vumbi la huku hufunika kiakisi kwa siku mbili. Kifute kwa mkono kabla ya kuondoka. Kinachoniumiza zaidi ni pale lori linapotengenezwa, likaondoka, na mawe yakabaki kwenye lami. Jiwe lile lilizuia tairi lisirudi nyuma. Sasa linamsubiri bodaboda mwenye taa moja. Ukipita mchana ukaliona, paki salama, litoe.

Bodaboda: wanabanwa kwa mambo gani hasa?

Leseni, bima, kofia ngumu ya dereva na ya abiria, na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Abiria ni mmoja. Kanuni za usafirishaji kwa pikipiki zinakataza pia kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na hapa najua nitapata wapinzani, kwa sababu asubuhi pale Kisasa na Nzuguni kila pikipiki ina watoto watatu wenye sare, mmoja kakaa kwenye tangi. Wazazi, mnajua mnachofanya? Mtoto wa kwenye tangi ndiye kinga ya kifua cha dereva. Ongeeni na majirani, kodini bajaji moja kwa mwezi, gawaneni.

Kofia isiyofungwa kamba ni kofia ya kupigia picha. Inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Makorongo yanapojaa maji, naweza kupita?

Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, chache, lakini zikija zinakuja zote kwa pamoja. Korongo lililokuwa mchanga mtupu saa 8 linaweza kuwa mto saa 9, hata kama ulipo hapajanyesha tone. Mvua imenyesha mlimani. Usiingie. Huoni kama lami bado ipo chini, na maji yanayofika nusu ya tairi yanatosha kulisukuma gari dogo. Subiri. Maji ya huku hupungua haraka kama yalivyokuja, mara nyingi ndani ya saa chache.

Basi linakimbia mno, nimpigie nani?

Kwanza mwambie kondakta, kwa sauti ya abiria wengine kusikia. Ukianza wewe, wengine wataunga mkono. Mabasi mengi yamebandikwa ndani namba za simu za wakuu wa trafiki wa mikoa. Piga ya mkoa uliopo, taja namba ya basi na mahali. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha LATRA kinachofuatilia mwendo, kwa hiyo ukitaja saa na mahali wanaweza kuhakiki. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili, na tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 mwaka 2023, hili ndilo la kuuliza unapokata tiketi ya usiku: dereva wa pili yupo?

Nimekunywa bia mbili. Naruhusiwa?

Kiwango cha sheria ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Wewe huna kipimo mfukoni, na bia mbili za mtu mwembamba si bia mbili za mtu mnene. Acha gari, panda bajaji.

Malori na mizani ya Nala?

Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo ni tani 56, kwa sheria ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika hapa mwaka 2019, na kila ekseli ina kikomo chake. Mizani ni ya TANROADS. Mzigo uliopangwa vibaya unaweza kuzidisha ekseli moja hata kama jumla iko sawa, kwa hiyo simamia upakiaji, hasa wa magunia ya Kibaigwa.

Msafara wa viongozi unapita. Nifanye nini?

Ukisikia king'ora, toka pembeni kushoto, simama. Usiunge mkia wa msafara ili upite haraka. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ondoka nyumbani mapema.

Nimepoteza leseni.

Pata taarifa ya upotevu ya polisi. Siku hizi huombwa mtandaoni, lormis.tpf.go.tz. Kisha TRA.

Watoto wetu wanavuka barabara kuu kwenda shule. Tunaombaje kivuko?

Niliwahi kulifuatilia hili na majirani, na nitaeleza tulivyofanya. Hatukwenda kulalamika, tulikwenda na hesabu. Akina mama watatu walikaa chini ya mti kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, siku tano za shule, wakihesabu watoto kwa kokoto: kokoto moja koponi kwa kila watoto kumi. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, mwalimu mkuu akagonga muhuri wa shule, nakala moja ikaenda kwa mwenye barabara, yaani TANROADS au TARURA kutegemea barabara yenyewe, na nyingine kwa mkuu wa trafiki. Trafiki walikuja kwanza. Askari mmoja wa kike alisimama pale asubuhi mbili akiwavusha watoto, kisha akawafundisha wale wakubwa namna ya kushika kibao cha kusimamisha magari. Wahandisi walikuja baadaye na utepe wa kupimia, wakahamisha mahali tulipopataka mita kadhaa, kwa sababu pale petu palikuwa karibu mno na kona. Tulibisha kidogo. Walikuwa sahihi.

Michoro ilipigwa, vibao vikawekwa. Dereva anatakiwa kusimama mtu anaposubiri au kuvuka hapo. Wengi sasa wanasimama, wengine bado. Vumbi na matairi hula rangi haraka, na baada ya mvua za pili michirizi ilikuwa imefifia. Nakala ya barua yetu ya kwanza bado ipo kwa mwenyekiti. Tumebadilisha tarehe, tumehesabu upya, tumeipeleka tena.